Jinsi ya kujifunza muziki wa ala wa Wagiriki kutoka santuri za kale: kwa mpiga fidla au gitaa wa Tabora

Anza na upande usio na mwimbaji. Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila anayekuja barazani kwangu hapa Ng'ambo, Tabora, akitaka kujua fidla yangu imeyatoa wapi mapito yale. Nyimbo za Kigiriki zenye maneno ni nyingi na ni nzuri, lakini asiyejua lugha ile akianza nazo, sikio lake litamng'ang'ania mwimbaji, na mafundi walio nyuma watampita bila kuwatambua. Kwenye santuri ya ala tupu fidla ndiyo inayosema, na wewe huna budi kuifuata.

Muziki ninaouzungumzia ulirekodiwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900 hadi Vita Kuu ya Pili, kwenye santuri zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Upo wa vijijini: klarineti za milima ya Epirus, lira za Krete, filimbi za wachungaji, zumari zinazokwenda na ngoma kubwa. Upo na wa mijini, uliopigwa Smyrna ambayo leo ni Izmir, Konstantinopoli ambayo leo ni Istanbul, Athens na bandari yake Piraeus, hata New York walikohamia Wagiriki wengi. Mtu wa Tabora aliyekulia kwenye taarabu ana mtaji mkubwa hapa, kwa sababu udi, kanuni na fidla vimo kwenye santuri za watu wa Smyrna kama vilivyo kwenye taarabu, na taksimu, ule upigaji wa peke yake usio na mdundo, imo.

Wagiriki wenyewe si wageni kwenye reli yetu. Wakandarasi wadogo wa Kigiriki walifanya kazi kwenye ujenzi wa Reli ya Kati enzi za Wajerumani, reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baadaye wengine walikuwa na mashamba ya mkonge upande wa Kilosa na Morogoro. Santuri chache nilizo nazo zilikuja kwa treni kutoka upande huo, ndani ya sanduku la vyombo vilivyouzwa kwa mkupuo, na aliyeniuzia alidhani ni za Kihindi. Ndiyo maana nawaambia vijana: ukiona rundo la sahani nyeusi nzito kwenye nyumba ya zamani, usipite kabla hujasoma lebo.

Pa kupata sauti

Huhitaji kumiliki santuri ili uanze. Wakusanyaji na maktaba za nje wameweka nyingi kwenye intaneti, na simu yako inatosha. Siri ni kutafuta kwa jina la mpigaji, si kwa jina la nchi, maana ukiandika "muziki wa Kigiriki" utaletewa za kuchezea watalii.

Kwa fidla ya mjini mtafute Dimitris Semsis, aliyeitwa Salonikios, na Yiannis Dragatsis, maarufu kwa jina la Ogdontakis. Kwa udi, Agapios Tomboulis. Huyu alipiga pia ala ya nyuzi yenye uso wa ngozi, inayolia kama banjo, kwa hiyo usishangae ukikuta jina lake kwenye sauti kavu isiyo ya udi. Kwa kanuni, Lambros Savvaidis. Kwa lira ya mjini, ile ndogo inayosimamishwa gotini na kupigwa kwa upinde, Lambros Leontaridis. Kwa buzuki, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, Ioannis Halikias na Markos Vamvakaris. Kwa klarineti ya Epirus, Kitsos Harisiadis, na kwa fidla ya huko huko, Alexis Zoumbas. Yaandike kwa herufi zetu hizi hizi, yatatokea. Kisha ongeza neno la aina ya muziki: taximi, zeibekiko, karsilamas, hasapiko, syrtos, skaros, mirologi.

Pakua wakati mtandao uko vizuri, uhifadhi, halafu usikilize kwa visikizi vya masikioni. Spika ya simu haifai kwa kazi hii. Besi za santuri hizi ni hafifu tangu zilipozaliwa, na spika ndogo itazimaliza kabisa. Utadhani fidla ilikuwa peke yake chumbani kumbe kulikuwa na gitaa.

Lebo inakwambia nini

Pande nyingi zilizopakiwa huwa na picha ya lebo. Itazame kabla ya kubonyeza. Ukiona picha ya mbwa na gramofoni na namba inayoanza na AO, hiyo ni HMV ya mfululizo wa Kigiriki. Ni kampuni ile ile iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, kwa hiyo wazee wengi wa pwani na wa huku bara walishazifahamu lebo hizi. Odeon ya Athens ilitumia herufi GA, Columbia ya Athens ikatumia DG. Karibu na lebo, kwenye sehemu isiyo na mifereji ya sauti, kuna namba nyingine iliyochorwa kwenye santuri yenyewe. Hiyo ndiyo namba ya rekodi. Lebo inaweza kubadilika, santuri ikatolewa Athens kisha ikatolewa tena Marekani, lakini namba ya rekodi ikiwa moja, ni upigaji ule ule.

Mwaka nao ni muhimu kwa sikio lako. Kabla ya 1925 hapakuwa na maikrofoni katika kurekodi. Wapigaji walisimama mbele ya bomba kubwa la bati, na nguvu ya sauti yao yenyewe ndiyo iliyotikisa sindano ya kuchora. Ngoma na besi zilikuwa taabu kwa mtambo huo. Ama ziliwekwa mbali au ziliachwa nje. Basi ukisikiliza bendi za mandolini na fidla za Smyrna za miaka ya 1910, zile walizoziita estudiantina, usije ukatoa hukumu kwamba Wagiriki wa wakati ule hawakupenda ngoma. Mtambo ndio uliokataa. Baada ya 1925 ikaja maikrofoni, na ghafla unasikia risha inavyogusa uzi.

Kuna na mwaka 1922. Mwezi Septemba mwaka huo Smyrna iliungua, na mapatano yaliyotiwa saini Lausanne mwaka uliofuata yakawahamisha watu kwa dini zao: zaidi ya milioni moja ya Waorthodoksi wakaingia Ugiriki, Waislamu nao wakapelekwa Uturuki. Wanamuziki wa Smyrna na Konstantinopoli wakajikuta Piraeus na Athens wakiwa wakimbizi. Hawa ndio walioshika usukani wa studio. Panagiotis Toundas na Spyros Peristeris, wote watu wa Smyrna, walikuja kusimamia kazi za kampuni kubwa. Mwanzoni rekodi zilifanywa na mafundi wa kupita, wakipanga vyumba vya hoteli. Kiwanda cha Columbia nje kidogo ya Athens kilianza mwishoni mwa 1930, na studio yake ikafunguliwa 1936. Mwaka huo huo, tarehe 4 Agosti, waziri mkuu wa Ugiriki, Metaxas, alichukua utawala kwa mabavu, ukaguzi wa nyimbo ukafuata, na mambo yaliyoonekana ya Kituruki mno yakabanwa. Kwa anayetafuta taksimu ndefu za udi na fidla, miaka ya kuchimba ni ile kabla ya ukaguzi huo.

Tisa kwa mguu

Sasa weka fidla chini. Kazi ya kwanza ni ya mguu, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokwama.

Sisi hapa tumelelewa na nne. Dansi la Tabora Jazz na Kiko Kids linakwenda kwa nne, na muziki wetu mwingi wa kucheza mguu unaupokea bila kufikiri. Wagiriki wanayo nne pia: hasapiko, ngoma ya wachinjaji, inatembea taratibu kwa nne, na tsifteteli mtu wa taarabu ataipata papo hapo. Lakini zeibekiko ni tisa. Karsilamas ni tisa. Kalamatianos ni saba. Ukizisikiliza kwa mguu wa nne utaona kama mpigaji anapoteza mdundo kila mara, kumbe ni wewe unayewahi.

Usianze na zeibekiko yenyewe, kwa kuwa ni ya polepole mno na tisa yake hujificha. Anza na karsilamas, tisa ya haraka. Kaa kwenye kiti, mikono mapajani, useme kwa sauti:

moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu.

Kila "moja" piga paja kwa nguvu. Utapiga mara nne, na kipigo cha mwisho ndicho kirefu. Usihesabu moja hadi tisa. Anayehesabu tisa hachezi, anafanya hesabu. Sikia vipigo vinne, vitatu vifupi na kimoja kirefu. Kijana mmoja anayejifunza gitaa kwangu aliniuliza, "Mwalimu, mbona mguu wangu unafika kabla yao?" Nikamwambia, "Kwa sababu unaukata ule wa mwisho, mwanangu. Uache umalizike." Akafumba macho, akaurefusha, na bega lake likaanza kuinama kidogo kwenye kile kipigo kirefu. Bega likishainama lenyewe, tisa imekuingia.

Hapo ndipo uende kwenye zeibekiko. Mpango ni ule ule, mbili-mbili-mbili-tatu, ila sasa kila hesabu ni nzito, na kati ya hesabu na hesabu mpigaji ana nafasi ya kutia nakshi. Ngoma hii ya asili huchezwa na mtu mmoja, na hatua zake hazikupangwa. Mchezaji hujizungusha, husimama, huinama, kisha anaudaka mdundo unaporudi. Kwa hiyo usitafute ngoma inayosukuma.

Santuri ya kujifunzia zeibekiko ni ile ya Halikias iliyorekodiwa New York mwezi Januari 1932, yenye jina la Minore tou Teke. Teke ni kijiwe cha wavuta hashishi. Ni buzuki moja, na gitaa la Sofoklis Mikelidis, basi. Sikiliza mara ya kwanza gitaa tu, maana ndilo linaloshika zile tisa. Mara ya pili sikiliza buzuki. Utasikia namna Halikias anavyouacha uzi wa chini uendelee kulia wazi huku nyuzi za juu zikitembea. Santuri hii iliuzwa sana ilipofika Ugiriki, na ndiyo iliyozishawishi kampuni za Athens kwamba buzuki, ala iliyodharauliwa kuwa ya wahuni wa bandarini, ina wanunuzi. Muda mfupi baadaye Peristeris akamrekodi Markos Vamvakaris, kijana wa kisiwa cha Syros aliyekuwa akifanya kazi machinjioni Piraeus.

Saba ya kalamatianos sina haja ya kuieleza sana: tatu-mbili-mbili, kipigo kirefu kiko mbele. Aliyeshika tisa ataipata jioni moja.

Taksimu kwenye fidla

Taximi yao ni taksimu yetu: mpigaji mmoja anaikagua maqam, yaani njia ya sauti, bila mdundo, kabla ya ngoma kuanza au katikati yake. Majina ya njia utayatambua kwenye lebo bila kuuliza. Rast ipo, Sabah ipo, Hitzaz ndiyo hijazi, Ousak ni ushaki, Nihavent ni nahawandi.

Kumbuka kwamba upande wa santuri ya inchi 10 unabeba kama dakika tatu tu. Taksimu ambayo arusini ingechukua muda wake hapa imekamuliwa. Unachosikia ni mpigaji akichagua sentensi zake bora na kuzipanga haraka. Ni bahati kwa mwanafunzi, maana hakuna kilichowekwa kujaza muda.

Tega fidla yako G-D-A-D. Maana yake uzi wa juu kabisa, E, ulegeze toni moja uwe D. Wapiga fidla wengi wa visiwani na wa Asia Ndogo walitega hivyo na kuita mtego wa Kituruki. Uzi ukilegezwa sauti yake inapungua ukali, na D mbili zinaitikiana kila unapogusa mojawapo.

Chukua hitzaz ya D: D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C, D. Kwenye piano umemaliza. Kwenye fidla bado. Kidole cha kwanza kiweke kwenye E flati halafu ukisogeze juu kidogo sana, si kufika E. Kidole cha pili kiweke kwenye F shapu, ukirudishe chini kidogo sana. Ule mruko mpana kati yao unapungua, na ndipo utasikia hijazi ya Semsis badala ya hijazi ya sinema. Zoezi langu ni hili: piga D wazi, ishikilie kwa upinde, weka kidole cha kwanza na uteleze taratibu mpaka sauti itulie. Mtu wa taarabu atajua imetulia wapi. Sikio lake lilishafundishwa zamani.

Sasa chukua sentensi moja ya santuri. Sentensi ni pale mpigaji anapopumua. Usichukue mbili. Iimbe kwanza, kwa "na na na", mpaka uweze kuiimba ukiwa unakwenda sokoni. Kisha ndipo ushike fidla. Programu nyingi za simu zinaweza kupunguza mwendo bila kushusha sauti. Weka asilimia 70, lakini kwa vidole tu, ukishajua vidole rudi mwendo wa kweli, kwa sababu nakshi zikipunguzwa mwendo zinakuwa noti, na nakshi si noti. Ni mguso. Kidole kinagusa uzi na kuondoka kabla noti haijazaliwa. Mkono wa upinde uwe mvivu: vuta mmoja mrefu, uache mkono wa kushoto ufanye maneno mengi ndani yake.

Angalia pia njia inayofuatwa. Katika hitzaz mpigaji hukaa chini karibu na D, hurudi D, kisha hupanda na kutua kwenye G, hapo hukaa sana. Baadaye hufika D ya juu, hulia kidogo, na kushuka hatua kwa hatua mpaka nyumbani. Andika kwenye karatasi mahali anapotua tu, usiandike noti zote. Ukiwa na ramani ya vituo, unaweza kutunga taksimu yako mwenyewe ikasikika ya njia ile.

Na masikio yawe wazi kwa kelele za watu. Kwenye santuri nyingi, hasa zenye mwimbaji, utasikia mtu anapaza sauti, "Yia su!" kisha jina. Ni salamu ya kumtukuza mpigaji. Lebo mara nyingi haikuandika wapiga ala, na kelele ile ndiyo ushahidi wa nani alikuwa chumbani.

Mwenye gitaa

Buzuki ya enzi zile ilikuwa na jozi tatu za nyuzi, zikategwa D-A-D. Ya jozi nne, inayosikika siku hizi kwenye mahoteli, ilienea baada ya vita. Gitaa lako linaweza kutoa sauti ile bila kununua kitu. Uzi wa nne uache D kama ulivyo. Uzi wa tatu uvue kabisa, unaingilia. Uzi wa pili, B, ushushe toni moja uwe A. Uzi wa kwanza, E, ushushe toni moja uwe D. Umepata D-A-D kwenye kimo kile kile cha buzuki, na hakuna uzi uliokazwa hadi ukatike.

Wimbo upigwe uzi wa kwanza na wa pili, na ule wa nne uguse mwanzoni mwa vipigo vizito vya tisa uendelee kulia. Tumia risha ngumu, karibu na daraja. Kodi zisahau kwa sasa. Mpiga dansi wa Tabora anapenda kujaza kwa kodi, na hilo ndilo litakalokuharibia, maana muziki huu umesimama juu ya wimbo na mvumo wake, nafasi iliyobaki ni ya kuachwa.

Epirus, kwa siku za utulivu

Nimeutenga muziki wa Epirus kwa sababu si wa kujifunza kwa papara. Ni milima ya kaskazini-magharibi mwa Ugiriki. Wapigaji wake wengi ni Waroma, wale waliozoeleka kuitwa Wajipsi, kazi ikirithiwa ndani ya familia: klarineti, fidla, lauto, ala ya nyuzi ya kushika mdundo, na dufu. Klarineti yenyewe iliingia huko karne ya 19 ikachukua nafasi ya filimbi na zumari.

Njia yao ina sauti tano, bila nusu toni: D, F, G, A, C. Aliyezoea zeze la Wagogo, majirani zetu wa reli hii, kama alivyolipiga Hukwe Zawose, hatapata shida na tano hizi. Kinachoshinda watu ni miteremko. Noti haishuki ngazi, inateleza, na mwisho wake inavunjika kama mtu anayezuia kilio. Mirologi ni maombolezo, na hupigwa hata kwa ala bila maneno. Skaros ni muziki wa mchungaji na kondoo wakilisha usiku, hauna mdundo.

Sikiliza mirologi ya Zoumbas aliyoirekodi New York mwaka 1926. Alizaliwa kijijini karibu na Ioannina, akahamia Marekani mwaka 1910. Ni fidla, na nyuma yake besi inayovutwa kwa upinde na kushikilia sauti moja. Sikushauri uijaribu kwa vidole mwanzoni. Chukua fidla, piga D na A wazi pamoja, ushikilie kama besi ile huku santuri ikilia. Fanya hivyo kwa muda mrefu. Utagundua kila mteremko wake unapimwa dhidi ya ile sauti isiyotikisika, na bila hiyo ungekuwa kelele. Halafu ndipo umwombe mwenzako ashike D, wewe uteleze kutoka C ya juu kuja A, kutoka A kuja G, F, na D. Mteremko mmoja kwa upinde mmoja.

Nampenda Zoumbas kuliko wote niliowataja. Nasema hivyo waziwazi ili usome maneno haya ukijua yametoka kwa mtu mwenye upande.

Ukibahatika kupata santuri yenyewe

Santuri za 78 si plastiki. Zimetengenezwa kwa sheleki, utando unaotolewa na wadudu wadogo India, ukichanganywa na unga wa mawe. Maseremala wetu wanaijua sheleki: wanaiyeyusha kwa spiriti wapate vanishi. Basi spiriti ikigusa santuri yako inafanya kazi hiyo hiyo, inayeyusha mifereji. Usitumie spiriti kamwe, wala sabuni ya unga. Maji safi yaliyochujwa, tone moja la sabuni laini ya maji, kitambaa laini, ufute kwa kuzunguka kufuata mifereji. Lebo isilowe. Ikaushwe kivulini, na hapa Tabora jua la Oktoba usilijaribu, santuri inapinda ukiitazama. Zihifadhi zikiwa zimesimama wima, kila moja ndani ya bahasha yake, mbali na vumbi la kiangazi.

Gramofoni ya kujaza kwa mkono ni nzuri kuitazama, lakini kichwa chake kinakandamiza kwa zaidi ya gramu 100, na sindano yake ya chuma hubadilishwa kila upande. Santuri ya kawaida itavumilia. Ya nadra usiiweke hapo. Tumia mtambo wa umeme wenye mwendo wa 78 na sindano pana ya 78, ya mil tatu, yaani elfu tatu za inchi. Sindano ya LP, santuri za plastiki zilizokuja baadaye, ni nyembamba, inazama chini ya mfereji na kukwangua uchafu. Utasikia makelele ukadhani santuri imekufa kumbe sindano siyo.

Rekodi kwenye kompyuta kwa programu ya Audacity, biti 24. Unganisha chaneli mbili ziwe moja, na kelele nyingi za mwendo wa juu-chini zitajifuta. Kikuza sauti cha kisasa kinachounganishwa na mtambo wa santuri kimepangwa kwa kanuni ya miaka ya 1950, hivyo hukata sauti za juu za santuri za kale kupita kiasi. Ziongeze kidogo kwa sikio lako. Faili la kwanza lihifadhi bila kuligusa, ufanyie kazi nakala. Programu za kuondoa kelele zitumie kwa mkono mwepesi sana. Msasa wa sindano uko mahali pamoja na pumzi ya klarineti na mkwaruzo wa upinde. Ukifuta wote, umefuta na mpigaji.

Mwendo nao uangalie. Santuri nyingi za kabla ya 1925 hazikurekodiwa kwa 78 kamili. Mimi husikiliza nyuzi wazi za fidla, zile zinazolia bila kidole, kisha narekebisha mwendo mpaka zikae karibu na G, D na A za kawaida na sauti ya fidla isiwe nyembamba. Usiilazimishe ilingane na piano.

Ukishaweza kupiga hijazi moja, zeibekiko moja na miteremko ya Epirus, rudi sasa kwenye zenye maneno. Tafuta mwimbaji Roza Eskenazi akiwa na Semsis na Tomboulis, rekodi za miaka ya 1930 kabla ya ukaguzi. Usijali maneno. Fuata fidla inavyomjibu kila anapopumua, na usikie kelele ya Roza akimtukuza Tomboulis kwa jina, kisha ushike ala yako umjibu wewe.